Godoro Makini: Malenga na Tangazo la Gazetini

Kiswahili kina misemo miwili inayokaa nyumba moja bila kusemezana. Wa kwanza ni wa wazee: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wa pili ni wa madukani na redioni: Biashara ni matangazo. Kwa miaka mingi niliitumia yote miwili, kila mmoja mahali pake, wala sikuona kwamba inagombana. Siku niliyoiona imesimama uso kwa uso ni siku mzee mmoja, fundi wa magodoro ya sufi, aliponiletea gazeti lililokunjwa mara nne, akaliweka mezani pangu na kuniuliza: "Mwanangu, godoro makini ni godoro gani?"

Malenga wenzangu, nivumilieni nieleze kisa hicho kwanza, maana ndicho kilichonipeleka kwenye historia ninayotaka kuisimulia.

Mzee huyo anashona magodoro mjini Tanga tangu ujana wake. Magodoro ya sponji yalipoenea, wateja wake walipungua mmoja mmoja, hata mwanawe akamshauri anunue nafasi ndogo gazetini. Akauliza mtaani ni nani ajuaye kuandika. Akaelekezwa kwangu, kwa kuwa nilikuwa nikitunga mashairi ya harusi na ya tanzia. Nilifurahi kuombwa. Nikakaa usiku mmoja, nikatunga beti tatu za tarbia, mizani 16 kwa kila mshororo, vina visiyumbe. Nafasi aliyoimudu ilitosha ubeti mmoja tu, na huu ndio uliochapwa:

Usingizi wa thamani, uliojawa na raha,
Hupatikana nyumbani, kwa mwenye kujipa siha,
Lala kama sultani, moyo ujae furaha,
Godoro letu makini, lina sifa na madaha.

Simu zilipigwa, na kwa kuwa namba iliyochapwa ilikuwa ya mzee, yeye ndiye aliyezipokea. Wa kwanza alisifu vina. Wa pili alitaka shairi la harusi ya dada yake. Wa tatu alitaka kujua kama neno "siha" limetumika kwa maana yake au limevutwa kwa ajili ya kina. Wote hao mzee aliwapa namba yangu. Aliyeuliza habari ya godoro hakutokea, na fedha iliyolipia nafasi ile ilikuwa bei ya godoro zima.

"Makini ni mtu," mzee aliniambia, bila hasira. "Mtu mtulivu, anayesikiliza. Na hayo madaha? Godoro linatembea?"

Sikuwa na jibu la kumpa, ingawa jibu nilikuwa nalo. "Makini" iliingia kwa sababu kina cha kati kilikuwa -ni. "Madaha" iliingia kwa sababu kina cha mwisho kilikuwa -ha. Godoro lenyewe, ambalo mzee alilitoa jasho, halikuwamo ndani ya ubeti. Nilikuwa nimejitangaza mimi kwa fedha yake.

Ndipo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua wengine waliotangulia, hasa washairi, walifanyaje walipopewa nafasi ya vidole vinne katika karatasi ili wauze kitu cha mtu mwingine.

Karatasi ya Caxton

William Caxton ndiye aliyeleta mtambo wa kuchapa Uingereza, mwaka 1476. Yapata mwaka mmoja baadaye alichapa karatasi ndogo ambayo ndiyo tangazo la kale zaidi la kuchapwa kwa Kiingereza lililotufikia. Ni fupi kuliko barua ya posa. Inamwambia msomaji, awe wa kanisani au wa kawaida, kwamba akitaka kununua kitabu cha taratibu za ibada kilichochapwa kwa herufi kama hizihizi anazozisoma, kikiwa kimesahihishwa vizuri, basi aende Westminster, mahali penye alama iliyotajwa, naye atakipata kwa bei nafuu. Chini yake kuna maneno ya Kilatini yanayoomba karatasi hiyo isibanduliwe.

Nimeirudia karatasi hiyo mara nyingi. Kitu kinachouzwa kimetajwa, na anayekihitaji amejulikana. Mahali pamesemwa, na bei imedokezwa. Kisha kuna lile lililonishangaza zaidi: karatasi yenyewe ni sampuli. Msomaji haambiwi kwamba herufi ni nzuri. Anazisoma hapo hapo na kuamua. Zaidi ya karne tano zimepita, na mimi nilikuwa nimeshindwa kufanya alilofanya mtu huyo katika tangazo la kwanza kabisa.

Haikuchukua muda mrefu soko likajaa kelele. Mwaka 1759 Samuel Johnson, mtunga kamusi, aliandika makala akilalamika kwamba matangazo ya magazetini yamekuwa mengi mno, watu wanayapitia bila kuyasoma, na kwa hiyo waandishi wake hushindana kwa ahadi. Alisema ahadi, tena ahadi kubwa, ndiyo roho ya tangazo. Alisema hivyo kwa dhihaka, lakini waliokuja baada yake waliyachukua maneno yale kama mafunzo.

Enzi ya vina, na enzi ya sababu

Nilidhani kosa langu ni geni. Kumbe mwishoni mwa karne ya 19 Marekani ilikuwa na mafuriko ya matangazo ya kina. Maarufu kuliko yote yalikuwa ya sabuni ya kusugulia iliyoitwa Sapolio. Kuanzia mwaka 1900 hivi ilitangazwa kwa beti fupi kuhusu mji wa kubuni usio na doa: kulikuwa na meya, mpishi, mchinja nyama, mjakazi, kila mmoja na ubeti wake na picha yake, nao ulibandikwa ndani ya magari ya abiria ya mjini. Watu walizikariri. Walizigeuza kuwa michezo ya jukwaani. Wauzaji wengine wakaiga, kila sabuni na kila biskuti ikawa na malenga wake.

Waliogeuza mkondo huo walitokea Chicago. Mwaka 1904 John E. Kennedy, aliyewahi kuwa askari polisi wa farasi Kanada, alimpelekea kijana Albert Lasker wa kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas kijikaratasi, akisema kwamba anajua tangazo ni nini na kwamba wao hawajui. Alipoitwa ndani akatoa maelezo mafupi mno: tangazo ni uuzaji uliotiwa katika chapa. Leo maneno hayo yanasikika ya kawaida. Wakati ule wengi waliona kazi ya tangazo ni kulifanya jina lionekane tu, kama bendera juu ya jengo. Kennedy alimaanisha kwamba karatasi ni muuzaji aliyesimama mbele ya mtu mmoja, na muuzaji huyo hawezi kuimba tu. Lazima ampe mtu sababu ya kutoa fedha yake.

Aliyeifikisha mbali fikra hiyo ni Claude Hopkins, ambaye baadaye alijiunga na kampuni hiyohiyo. Kabla ya hapo alikuwa ameombwa kuiandikia bia ya Schlitz ya Milwaukee. Kinywaji hicho wengi wetu pwani hatukigusi, lakini somo lake ni halali. Wakati ule kila mtengeneza bia alipiga kelele kwamba yake ni safi, na neno "safi" lilikuwa limechakaa kama "makini" yangu. Hopkins akaenda kiwandani kutazama. Aliona vyumba vya vioo ambamo bia ilipozwa katika hewa iliyochujwa. Aliona chupa zikisafishwa mara nne kwa mashine. Alioneshwa visima virefu vya futi 4,000, ingawa kiwanda kilikuwa kando ya ziwa. Aliambiwa kwamba hamira yao ilitokana na majaribio 1,200. Akauliza kwa nini hawawaelezi watu habari hizi. Wakamjibu kwamba hakuna ajabu yoyote, kila mtengeneza bia anafanya hivyo hivyo. Naye akawaambia kwamba hakuna hata mmoja aliyepata kuyasema.

Akayaandika. Kwa maelezo yake mwenyewe, bia iliyokuwa ya tano sokoni ilipanda hadi kugombea nafasi ya kwanza katika miezi michache.

Niliposoma hapo niliona aibu ya peke yake. Mimi sikukanyaga karakana ya mzee wangu hata siku moja. Niliandika habari za godoro nikiwa nimekalia kiti cha plastiki.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri kwamba kwenye sababu kuna wema na kwenye kina kuna hila. Hopkins huyohuyo alikuwa na fungu katika biashara ya dawa iliyoitwa Liquozone, iliyodaiwa kuua vijidudu na kuponya orodha ndefu ya maradhi. Aliiandikia kwa ustadi uleule: hoja, takwimu, ushahidi. Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alichapa katika jarida la Collier's mfululizo wa makala kuhusu dawa za uongo, na Liquozone ikawemo: ilikuwa karibu maji matupu, yenye asidi kidogo. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria iliyowalazimisha wauza dawa kuandika kwenye chupa kama ndani mna pombe, afyuni au kokeini. Waliokuwa wamenunua chupa zile kwa ajili ya watoto wao wagonjwa walikuwa wameshawishiwa kwa sababu zilizopangwa vizuri. Shairi langu lilimpotezea mzee fedha ya godoro moja. Nathari nzuri ya uongo imewapotezea watu uhai.

Mayakovsky dukani

Basi mshairi afanyeje? Aache? Nilimtafuta mshairi mkubwa aliyekataa kuacha, nikamkuta Moscow.

Vladimir Mayakovsky alikuwa tayari sauti ya mapinduzi ya Urusi alipoanza, mwaka 1923, kuandika matangazo. Serikali ya Kisovyeti ilikuwa imewaruhusu tena wafanyabiashara binafsi, na maduka ya umma yalijikuta yakishindana na watu waliojua kuita wateja. Mayakovsky akaungana na msanii Aleksandr Rodchenko: mmoja maneno, mwingine michoro. Hadi mwaka 1925 walitengeneza matangazo ya duka kuu la GUM, ya kampuni ya mpira Rezinotrest, ya shirika la chakula Mosselprom, na mengineyo: mabango, karatasi za peremende, matangazo ya magazetini. Katika makala ya mwaka 1923 Mayakovsky aliwaambia wenzake kwamba hata kitu chema na cha hakika hakijulikani mpaka kitangazwe. Hakuujua msemo wetu wa kizuri chajiuza, lakini alikuwa akiujibu.

Washairi wenzake walimcheka. Yeye, katika maelezo mafupi ya maisha yake, aliandika kwamba licha ya mayowe yao anauhesabu msemo wake wa Mosselprom kuwa ushairi wa daraja la juu. Msemo wenyewe una maneno machache mno. Maana yake ni kwamba hupati kwingine isipokuwa Mosselprom. Ulichorwa juu ya ukuta wa jengo la shirika hilo mjini Moscow, nao unasomeka hapo hata leo.

Nilijiuliza kwa nini alijivunia kitu kidogo namna hiyo. Nilipoutazama kwa jicho la mtunzi, nikaona. Neno la Kirusi lenye maana ya "isipokuwa" linafanana kwa sauti na mwisho wa jina la duka. Jina la duka ndilo kina. Ukilisahau jina, msemo unavunjika mdomoni; ukiukumbuka msemo, jina limeshakuja lenyewe. Mayakovsky alikitumia kina kubeba mzigo ambao tajiri alitaka ubebwe. Mimi nilikitumia kubeba neno "madaha".

Hapo nilipata sehemu ya jibu langu. Kina katika tangazo hakina kosa kwa kuwa kina. Kosa huanza pale kinapochagua neno badala ya ukweli kulichagua. Sisi tunaolelewa na arudhi tunaujua ugonjwa huo hata katika mashairi yasiyouza chochote: mshororo uliojazwa ili mizani itimie, neno lililokatwa kwa inkisari wala halikuhitajika kuwapo. Msomaji wa diwani hutusamehe, kwa kuwa anatupenda. Msomaji wa gazeti hatujui, ana chai mkononi na kidole tayari kwenye ukurasa unaofuata.

Pessoa na herufi moja

Mwingine niliyemkuta ni Fernando Pessoa wa Ureno. Huyu aliishi Lisbon kwa kuandika barua za kibiashara za makampuni, huku akijaza sanduku lake mashairi yaliyochapwa kwa wingi baada ya kifo chake mwaka 1935. Alifanya kazi pia na wakala wa matangazo mjini humo, na yapata mwaka 1927 au 1928 akaombwa msemo wa kukitambulisha kinywaji kigeni, Coca-Cola.

Aliandika msemo uliosimama juu ya vitenzi viwili vya Kireno vinavyotofautiana kwa herufi moja tu. Cha kwanza kina maana ya kukiona kitu kigeni. Cha pili, kukiingiza kitu mpaka ndani ya mwili. Mwanzo kinywaji hukushangaza, kisha kinakuingia. Malenga yeyote wa Kiswahili anayejua tofauti ya kukata na kukataa atauonea wivu mstari huo. Tena ni mkweli: haudai kwamba kinywaji ni kitamu mara ya kwanza. Unakiri ugeni wake, kisha unaomba subira.

Yaliyofuata yalisimuliwa baadaye. Mkuu wa afya wa nchi aliusoma msemo ule kama hakimu asomavyo ushahidi. Ikiwa ndani mna koka, alisema, hiyo ni dawa ya kulevya, na kusema kwamba inamwingia mtu ni kukiri kwamba inamtia uraibu. Ikiwa hamna, jina ni udanganyifu. Kinywaji kikapigwa marufuku, na hakikuuzwa rasmi Ureno mpaka mwaka 1977.

Sijui kisa kingine kinachoonesha vizuri zaidi uzito wa neno lililochapwa. Katika shairi, utata ni mali. Tunausifu, tunaufasiri, tunaandika tahakiki juu yake. Katika tangazo kila maana iliyojificha ndani ya neno inaweza kutoka na kusimama mbele ya mwenye mamlaka, au mbele ya mteja aliyerudisha bidhaa.

Gari lililojiita bovu

Mfano wa mwisho wa ugenini unatoka New York. Mwaka 1959 na 1960 kampuni ya Doyle Dane Bernbach iliandika matangazo ya magazetini na majaridani ya gari dogo la Volkswagen, katika nchi iliyopenda magari marefu kama mashua. Mwandishi alikuwa Julian Koenig. Tangazo moja lilikuwa na picha ya gari na chini yake neno moja: limau. Kwa Kiingereza cha Marekani gari "limau" ni gari bovu lililouzwa kama zima. Msomaji aliyeshtuka akasoma maelezo, akakuta kwamba gari hili la pichani halikuruhusiwa kuondoka kiwandani, kwa sababu utepe wa kromiamu kwenye kisanduku cha mbele ya abiria ulikuwa na dosari na lazima ubadilishwe. Akaambiwa kwamba kiwandani Wolfsburg kuna wakaguzi 3,389, na magari yanayotoka kwa siku ni 3,000. Wakaguzi ni wengi kuliko magari.

Hakuna kina hapo, wala sifa. Kuna dosari iliyotajwa na mwenyewe kabla hajatajiwa. Yule anayekwambia aibu yake ndogo bila kuulizwa, unaanza kumwamini katika mengine. Wauza samaki wa ferini wanalijua hili tangu zamani: anayesema "huyu wa jana, chukua yule" ndiye unayerudi kwake kesho.

Nyumbani, kwenye kanga

Baada ya kuzunguka kote huko nilirudi pwani, nikaona nilipita mlango wangu bila kubisha. Sisi tuna waandishi wa maneno mafupi ya kuchapwa na kuuzwa tangu zaidi ya miaka mia moja, nao ni watunzi wa majina ya kanga.

Kanga ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa nakshi tu. Baadaye yakaja maandishi, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kilatini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa kuwa miongoni mwa waliolieneza jina la kanga. Nguo zilichapwa katika viwanda vya mbali, Ulaya na Asia, na watu wasiojua Kiswahili. Lakini maneno yalitoka huku, na mwanamke aliyesimama dukani aliyasoma kabla ya kuitazama nakshi. Jina likimkosa, kanga inabaki rafuni hata kama rangi yake inang'aa.

Tazama jina la kanga linavyofanya kazi. Halisemi kanga hii ni bora. Halisemi nunua. Linasema jambo ambalo mnunuzi mwenyewe alitaka kumwambia mtu: jirani, mke mwenza, mume, mama. Mwandishi ametunga maneno, kisha akajitoa, akamwachia mnunuzi awe ndiye msemaji. Kwenye kanga hakuna jina la mtunzi, wala sijapata kusikia mtunzi akilalamika.

Sisi wa magazetini tulilelewa vingine. Tangu Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, gazeti limekuwa uwanja wa malenga, mahali pa kujibizana na kujulikana. Mashairi yake yalikusanywa hata yakawa kitabu mwaka 1946. Hiyo ni heshima kubwa, wala siikani. Lakini ilitufundisha kwamba shairi gazetini ni jukwaa la mtunzi, na ndiyo tabia niliyoibeba mpaka kwenye godoro la mtu.

Karakana

Nilikwenda kwa mzee, nikaomba anipe asubuhi mbili. Nilikaa juu ya gunia la sufi nikamtazama. Aliifungua sufi, akaichambua mbegu kwa mkono, moja moja, kisha akaianika. Nilimuuliza kwa nini anazitoa mbegu zote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini. "Mbegu huita panya," akasema. "Kila fundi ajua."

Nikakumbuka vile visima vya Milwaukee, nikaandika.

Nilimuuliza ubaya wa godoro la sufi ni upi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baada ya miaka sufi hujikusanya, godoro likafanya mabonge. Na hapo anafanyaje? "Wanaleta. Nalifumua, naianika, nashona upya. Godoro la sufi halitupwi." Alilisema hilo kama jambo dogo, huku akitafuta sindano.

Tangazo la pili nililipia mimi. Nafasi ilikuwa ileile, na maneno yakawa haya:

Godoro letu hufanya mabonge. Si leo wala mwakani, lakini sufi hujikusanya. Likifanya mabonge, lilete: tutalifumua, tutaianika sufi juani, tutalishona upya. Mbegu tunazitoa kwa mkono, kwa hiyo panya hawalifuati. Godoro la sponji likibonyea, utalipeleka wapi?

Nilimsomea kabla ya kulipeleka. "Unataka kunifungia kibanda?" akauliza. Akaomba nimsomee tena. Safari ya pili alitikisa kichwa, akasema, "Lakini ni kweli," na kweli hiyo akaikubali ichapwe.

Katika wiki ile walikuja watu saba. Watano walibeba magodoro ya zamani, mengine yakiwa ya wazazi wao, yaliyokuwa yamewekwa kwa kukosa fundi. Wawili waliagiza mapya. Mzee hakutajirika, lakini alipata kazi ya mwezi mzima, na mwanawe alirudi kumsaidia kuchambua. Nilipomuuliza kama kuna aliyesema neno kuhusu tangazo, alifikiri, akajibu kwamba hapana, walizungumza habari za magodoro tu.

Sasa naiona ile misemo miwili kwa namna nyingine. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini lazima kionekane. Na kazi ya anayekiandikia ni kukifungulia dirisha, kisha asisimame mbele yake. Wazee walimkemea anayekitembeza kibaya. Sikumbuki kama walimkataza mtu kukisema kizuri kilivyo, pamoja na mabonge yake.

Bado natunga kwa vina, na harusi ya yule dada nilikwenda kuisomea shairi. Mzee alinilipa kwa mto wa sufi alioushona mwenyewe. Ninaulalia kila usiku, na madaha hauna.